Kijiwe cha Gemu: Mgeni wa mji arushwe au atembee kwanza?

Wasomaji wangu habari za siku nyingi. Barua za safari hii zimekuja nyingi kidogo ila kuna moja ya kutoka hapahapa Mtwara imenishika sana, nimeipa nafasi kubwa, zingine zinazofanana nayo nimezijibu kwa ufupi chini yake.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza gemu ya kujenga mji, ya kwenye simu, tunatumia Godot, programu ya kutengenezea magemu. Siyo ile ya kuangalia mji kutoka juu, hapana, mchezaji ana mtu wake anatembea mtaani, anabeba matofali, anaongea na majirani, anaanza na kibanda kimoja pembeni ya ghuba mpaka mji unakuwa mji kweli. Tumewapa ndugu na marafiki waijaribu. Wale wa mwanzo hatukuwawekea njia ya kuruka, yaani kutokea sehemu nyingine papo hapo bila kutembea, wakalalamika kutembea kunachosha, wawili wakaacha kabla hata ya nyumba ya tatu. Basi tukaweka ramani, unagusa sehemu unatokea palepale, kuanzia dakika ya kwanza. Sasa hawachoki ila mji hawaujui, ukiwaambia nendeni sokoni bila ramani wanazunguka tu, na wanajenga hovyo, kisima huku nyumba kule. Mwenzangu mmoja anataka tuitoe kabisa, mwingine anataka ibaki. Hawa wageni tuwafanyeje? (Kijana wa Chuno, Mtwara)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana, yaani gemu ya mji wa pwani inayotengenezwa Mtwara na vijana wa Mtwara, barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha.

Nikwambie ninavyoona mimi. Mgeni mpe njia ya kurudi nyumbani, bure, tangu dakika ya kwanza. Ila njia ya kwenda aitembee kwanza kwa miguu yake, halafu kituo cha kupandia akijenge mwenyewe. Nyie hivi vitu viwili mmevichanganya kwenye ramani moja, kwenda na kurudi vyote sawa, ndo maana mkiitoa mnaumia na mkiiweka mnaumia.

Hebu mfikirie mtu anayeshuka stendi ya Mkanaledi usiku na basi la Dar, Mtwara hajawahi kufika. Anapanda boda mpaka gesti, asubuhi boda mpaka kazini, jioni boda tena. Mwezi unaisha, muulize bahari ipo upande gani anakuonyesha njia ya Masasi. Mwenzake aliyeshuka basi hilohilo hana hela ya boda kila siku, anatembea, na wiki ya pili tu anajua pa kukatiza kutokea Ligula, anajua mama gani anauza pweza mzuri jioni, anajua barabara gani mvua ikinyesha haipitiki. Lakini na yeye siku akiwa na mfuko wa saruji begani jua la saa nane, boda ikipita anapanda, na ana haki, kwa sababu ile njia ameshaijua, kuitembea tena na mzigo ni mateso matupu hamna kipya anachokiona.

Kwa hiyo tatizo siyo umbali wa mji wenu. Safari ya kwanza mtu anajifunza, ya pili anahakikisha, kuanzia ya tatu ni kubeba mzigo tu. Warudieni wale wawili walioacha, waulizeni walikuwa wanafanya nini dakika ile wanazima simu, mi nadhani mtakuta wote walikuwa wanarudi, mikono imejaa au giza limeingia, njia ileile kwa mara ya nne. Mgeni hofu yake kubwa ni kwamba nikienda mbali nitarudije. Ukimtoa hofu hiyo anakwenda mbali mwenyewe bila kusukumwa.

Na magemu makubwa yameshahangaika na jambo hili miaka mingi, yapo ya kujifunzia. Morrowind ya mwaka 2002 haikuwa na kubonyeza ramani ukatokea, ulipanda mdudu mkubwa kituoni kwake au boti bandarini, unalipa nauli, na kila kituo kinakwenda sehemu chache tu. Ila kulikuwa na uchawi wa kukurudisha kwenye hekalu lililo karibu nawe, ukizidiwa porini unautumia unaokoka. Kwenda ni kwa vituo na kurudi ni rahisi! Ilivyokuja gemu iliyoifuata, Oblivion, mwaka 2006 wakafungua miji yote mikubwa kwenye ramani tangu mwanzo, unagusa unatokea, na wengi waliocheza zote mbili watakwambia njia za Morrowind bado wanazo kichwani mpaka leo. Skyrim ya 2011 ikakaa katikati, sehemu nyingi hadi ufike mwenyewe kwanza, ila getini kuna gari la farasi linakupeleka miji mikubwa kwa nauli.

Mfano uliokaribia kabisa gemu yenu ni Terraria. Mwaka 2020 waliongeza nguzo za kurukia, unasimama kwenye nguzo moja unatokea kwenye nyingine, lakini nguzo ya kawaida haifanyi kazi mpaka pawe na wakazi wasiopungua wawili wanaoishi jirani na nguzo hiyo, na kila aina ya mazingira ina nguzo yake, jangwani ya jangwani, theluji ya theluji. Umeona walichofanya? Ukitaka kuruka inabidi ukajenge nyumba kule, watu wahamie, wakae. Kuruka kwenyewe kumegeuka sababu ya kujenga kijiji. Nyie gemu yenu ni ya kujenga mji halafu kitu kitamu kuliko vyote mmekitoa bure kwenye ramani, mji haukuhusika hata kidogo.

Sasa chukueni kijiwe cha boda. Mchezaji anakijenga kama anavyojenga kisima, mti wa kivuli, benchi, pikipiki mbili tatu. Masharti yawe machache na yaonekane kwa macho: barabara ifike, pawe na nyumba kadhaa karibu, na mchezaji mwenyewe awe ameshaitembea ile njia kwenda na kurudi. Akijenga vijiwe viwili vilivyounganika ndo anaruka kati yake, barabara ikikatika kwa mvua kijiwe kinalala mpaka aitengeneze. Hapo hamhitaji somo la kumwambia barabara ni muhimu. Na kwa sababu mmeniambia kuna ghuba, wekeni na kivuko. Mtu yeyote wa Mtwara anajua kwenda Msangamkuu kwa maji ni padogo tu, unapaona palee ng'ambo, ila ukizunguka kwa barabara ni safari. Mwacheni mgeni azunguke mara moja kwa miguu huku anauona mji wake ng'ambo ya maji, siku atakayojenga gati yake ya kwanza ataisikia mwilini. Kuna wachezaji watapiga kelele, nawaambia mapema, msibabaike.

Msikosee tu kujenga kituo kabla ya cha kubeba. Sisi huku kusini tunalijua hilo kwa macho. Waingereza baada ya vita kuu ya pili walileta mradi mkubwa wa karanga Nachingwea, wakajenga reli mpaka huku pwani pamoja na bandari ya maji marefu, karanga zenyewe zikagoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, bandari ikakamilika 1954 na tunayo mpaka leo inapakia korosho, ila reli ikakosa mzigo na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Kata ya Reli ipo hapa mjini, treni hamna. Kwenye gemu yenu nanyi mkimpa mgeni vijiwe sita tayari vimejengwa siku ya kwanza, ni reli hiyohiyo, hana cha kupeleka wala mtu wa kumfuata.

Hiyo ya kurudi nyumbani ifanyeni nyepesi. Kitufe kimoja kikubwa kona ya skrini, picha ya mlango wa nyumba yake, akikishika sekunde tatu anatokea barazani kwake na mzigo wake wote. Kisiulize maswali. Kisimpeleke popote pengine. Msiweke sharti eti asiwe na mzigo, maana ndo wakati anaokihitaji.

Kuna jambo dogo wengi hawaliangalii, nalo linaharibu kabisa, ni mtu anapotokea anaangalia wapi. Nimecheza magemu unaruka unatokea umeuangalia ukuta, unazunguka kutafuta mbele ni wapi, kila safari unaanza upya kama hujawahi kufika. Kila kijiwe kiwe na upande wake, ukitokea sokoni siku zote unaangalia mnara wa msikiti, ukitokea gatini unaangalia maji. Mtaalamu mmoja wa miji wa Marekani anaitwa Kevin Lynch aliandika mwaka 1960 kwamba watu wanaushika mji kichwani kwa vitu vitano: njia, kingo, mitaa, makutano na alama za kuonekana. Wala hatuhitaji kwenda mbali, sisi wenyewe ukimwelekeza mtu unamwambia shuka pale Nangwanda, uwanja uuache mkono wa kushoto, ulizia. Hakuna anayetaja namba ya nyumba. Basi hata majina kwenye ramani ya gemu yawe ya hivyo, Mkorosho Mkubwa, Kwa Fundi, Gatini, na sehemu ambayo mtu hajaikanyaga ibaki nyeupe haina jina.

Tena mji wa kuanzia uwe mdogo. Hata Cities: Skylines ya 2015, ile ya Wafini wa Colossal Order, ambayo hakuna mtu wa kutembea unaangalia kutoka juu tu, mgeni anaanzishiwa kipande kimoja cha ardhi cha karibu kilomita 2 kwa 2 ambacho barabara kuu inafika, vipande vingine anavifungua watu wakiongezeka. Kwenye simu kwa miguu hata hicho ni kikubwa mno. Kutoka kibandani mpaka sokoni isizidi dakika moja na nusu, na katikati pawe na vitu vitatu anavyoweza kuvitaja.

Mwisho namna ya kupima, maana naona mnawauliza wanaojaribu kama wamependa, na ndugu zako hawatakwambia hapana. Mimi likizo iliyopita nilimkalisha mpwa wangu na rafiki yake, wote miaka 12, kila mmoja na simu yake, gemu moja ya kujenga kijiji yenye kuruka, mmoja nikamruhusu kuruka mwingine nikamwambia leo tembea. Baada ya nusu saa nikawanyang'anya simu nikawapa karatasi na kalamu ya risasi, nichoreeni kijiji. Aliyeruka alichora miduara mitano, ndani ya kila mmoja jina, basi, miduara inaelea hakuna kinachoigusa. Aliyetembea alichora mto umepinda, daraja, mbuzi mmoja mkubwa kuliko nyumba, na njia yenye vidoti vya nyayo, akaniambia hapa mama mkubwa nilitumbukia. Lakini huyohuyo ndiye aliyesema hataki tena kucheza kesho, miguu ya yule mtu wake ni mizito! Ile karatasi ninayo mpaka leo ndani ya daftari. Fanyeni hivyohivyo, mkae nyuma yao kimya msiwasaidie, mwulizeni kila mmoja achore, halafu mwulizeni kama kesho anarudi. Mkipata mtu anachora daraja na kesho anarudi, mmefika.

SWALI: Dada habari za kazi. Kuruka kwenye gemu kukatwe hela au kusikatwe? Mimi naona kukatwe ili watu wasizoee. (Msomaji wa Mtanda, Lindi)

JIBU: Salama kaka yangu. Kwa mgeni mi nasema hela hapana. Nauli inamuumiza asiyenacho tu, mgeni ana shilingi mia mbili za kununua bati anaiogopa nauli, anatembea, anachoka, anaacha, wakati yule mwenye mji wa watu elfu tano hata haoni kama amekatwa. Yaani kizuizi kimemkamata yule uliyetaka kumsaidia na kumwachia uliyetaka kumpunguzia kasi.

Vizuizi vizuri ni viwili. Kwanza muda, ukiruka jua la kwenye gemu lisogee kama vile ulisafiri kweli, wafanyakazi wako waendelee na kazi, mkate uive. Cha pili ni mzigo. Gemu ya Valheim iliyotoka 2021 inakuruhusu kujenga malango ya kurukia mapema tu, ila ukiweka mipangilio ya kawaida madini hayapiti, shaba, bati na chuma ukiwa navyo lango linakukatalia. Matokeo yake watu wanaunda majahazi, wanapakia chuma, wanavuka bahari usiku upepo unawapinga, na hizo ndo safari wanazosimuliana. Wewe mtu wa Lindi unalielewa hili kuliko mimi, abiria wa Kitunda anavuka na boti dakika chache ila mwenye lori la mawe yake ana hesabu nyingine. Kwa gemu ya mji mtu na kikapu chake aruke, ila mbao, saruji na magunia ya korosho yasafiri barabarani kwa gari. Hapo barabara zinabaki na kazi na kuruka kunabaki kutamu.

SWALI: Dada nina simu ya RAM 2, nikiruka kwenye gemu yangu ninayotengeneza inaganda sekunde sita saba halafu wakati mwingine inajizima. Nifanyeje? (Fundi wa Masasi)

JIBU: Pole. Inaganda kwa sababu unaitaka simu ifute mtaa mmoja wote na kuulodi mwingine wote kwa pigo moja. Gawa mji vipande vidogo, kijiwe chenyewe na nyumba zinazokizunguka zilodi kwanza, za nyuma zifuate mtu akiwa ameshatokea. Halafu usiweke skrini nyeusi, weka safari fupi, mtu amekaa nyuma ya boda mandhari yanapita, sekunde tatu nne, nyuma ya pazia simu inafanya kazi. Futa kwanza ya zamani ndo ulete mpya, usizishike zote mbili kwa pamoja, nadhani huko ndo simu yako inakofia.

Na wananchi wa mji usiwaunganishe na picha. Mtaa usioonekana hauhitaji watu wanaotembea, unahitaji namba kwenye jedwali tu, watu wangapi, chakula kiasi gani, umepita muda gani, mtu akitokea pale unahesabu kilichotokea kwa mkupuo mmoja. Halafu sevu kabla ya kuruka, kila mara, maana mgeni akipoteza nyumba yake ya kwanza hiyo gemu anaifuta.

SWALI: Tunacheza gemu ya kujenga mji kwa pamoja kwenye seva moja, watu kumi hivi. Kuna jamaa wanaruka wanatokea ndani ya nyumba yangu, wanachukua vitu wanaondoka. Wageni wapya wamefanyiwa hivyo mpaka wamekimbia. Ni sawa kufunga kuruka? (Dada wa Mikindani)

JIBU: Si sawa walivyokufanyia dadangu, na kufunga kwa wote ni kuwaadhibu wageni mara ya pili. Mwombe mwenye seva abadilishe pa kutokea tu. Mtu akija mji wa mwenzake atokee kijiweni nje ya mji, siyo ndani, na nyumba ya mtu iwe na hodi. Anabonyeza hodi, wewe unapata ujumbe, unajibu karibu ndo mlango unafunguka. Seva za gemu ya Minecraft zenye Towny, mfumo wa nyongeza wa kuendesha miji, zina kitu kinachokaribia hicho, meya wa mji ndiye anayeamua watu wa nje waweze kuruka kuingia mjini kwake au wasiweze.

Kwa mgeni aliyejiunga leo hodi yake iwe imefungwa yenyewe siku saba za kwanza bila yeye kwenda kwenye mipangilio, maana hata hajui mipangilio ipo wapi. Na kama mwenye nyumba hayupo hewani, jirani aliyemchagua anaweza kumpokea mgeni, ila mgeni anaishia barazani.